Fimbo 8,000 za Yongbyon: kilichoizuia Marekani kupiga Juni 1994

Mei 1994, kwenye eneo la Yongbyon, kilomita 90 hivi kaskazini mwa Pyongyang, mafundi wa Korea Kaskazini waliokuwa wamekizima kinu chao cha nyuklia walianza kuchomoa fimbo za fueli. Fimbo moja ina urefu wa nusu mita, unene kama mpini wa jembe na uzito wa kilo sita na kitu. Zilikuwa kama 8,000. Walizichomoa haraka kuliko walivyotarajia wengi, wakazitumbukiza kwenye bwawa la maji zipoe. Ndani ya eneo hilohilo kulikuwa na jengo refu la ghorofa sita, wenyewe wakiliita maabara ya radiokemia. Ukizipeleka fimbo zote huko na kuziyeyusha kwa asidi, unatoka na plutoni, metali ya kutengenezea silaha za nyuklia, ya kutosha mabomu matano au sita.

Haraka ile ndiyo iliyochafua hali ya hewa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitaka kuchagua fimbo kadhaa na kuzipima zikiwa ndiyo kwanza zinatoka. Ukijua fimbo ilikaa sehemu gani ndani ya kinu, unaweza kukadiria imeungua kwa muda gani, na kwa hiyo kama fueli iliwahi kubadilishwa kimyakimya. Wasiwasi ulikuwa juu ya mwaka 1989, kinu kilipozimwa kwa zaidi ya miezi miwili. Pyongyang ilikiri kutoa gramu 90 tu za plutoni, mara moja, mwaka 1990. Vipimo vya maabara vya shirika vikasema kazi hiyo ilifanyika mara tatu, kati ya 1989 na 1991. Fimbo zilipokwisha kuvurugwa bwawani, ushahidi ulikuwa umepotea. Juni 2 Hans Blix, mkuu wa shirika hilo, akaliarifu Baraza la Usalama kwamba historia ya kinu kile haiwezi tena kusomeka.

Washington ikabaki na bwawa moja, linalojulikana liko wapi, lenye mali ambayo ingehitaji miezi kadhaa kupoa kabla ya kushughulikiwa. Kwa mpiga ndege za kivita, shabaha nzuri kuliko hiyo haipo. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kuliko vingine vyote vya aina yake: hapa hakuna wa kusingizia kwamba shabaha haikujulikana, na bado ndege hazikuruka.

Wanaouliza kwa nini hawakupiga huanza na Osirak. Juni 7, 1981 ndege nane za F-16 za Israel zilivuka jangwa zikakibomoa kinu cha Iraq karibu na Baghdad, zikarudi nyumbani salama. Sawa. Lakini kinu kile kilikuwa hakijatiwa fueli. Iraq ilikuwa vitani na Iran, mikono yote miwili imeshika. Na kati ya Israel na Iraq kuna nchi nyingine nzima katikati, kwa hiyo Saddam Hussein hakuwa na mzinga hata mmoja wa kuielekezea Tel Aviv. Rafiki wa Marekani pale Korea, yaani Seoul yenye watu zaidi ya milioni 10, iko kilomita 50 hivi kutoka kwenye mpaka. Ni mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, na hata hapo unakuwa umepitiliza kidogo.

Hesabu ya Mei 19

Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati huo alikuwa William Perry, mtaalamu wa hesabu kwa taaluma yake, mtu asiyepaza sauti. Yeye mwenyewe aliagiza mpango wa kuipiga Yongbyon uandaliwe. Wataalamu wake walimhakikishia mambo mawili: makombora na ndege zisizonaswa na rada zingeyavunja majengo yale kwa siku moja, na ingewezekana kufanya hivyo bila kuitapanyia Korea yote na Japani vumbi lenye mionzi. Perry aliyaamini yote mawili, na miaka mingi baadaye alikuwa bado akiyasema.

Halafu Mei 18 yeye na Jenerali John Shalikashvili, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, waliwakusanya majenerali na maadmirali wa nyota nne waliokuwa kazini. Kikao hakikuitwa kujadili namna ya kupiga. Kiliitwa kujadili siku ya pili yake. Ajenda ilikuwa vita nzima ya Korea: askari watoke wapi, meli zitoke wapi, hospitali ziwe na vitanda vingapi. Kesho yake Perry, Shalikashvili na Jenerali Gary Luck, kamanda wa majeshi ya Marekani Korea, wakampelekea Rais Bill Clinton majibu. Siku 90 za kwanza za vita zingegharimu wanajeshi 52,000 wa Marekani, kwa kufa au kujeruhiwa, na 490,000 wa Korea Kusini. Raia hawamo kwenye hesabu hiyo. Wala watu wa Kaskazini. Luck, aliyekuwa na askari wake 37,000 palepale, alikuwa na makadirio yake mabaya zaidi: wafu milioni moja, gharama ya dola bilioni 100 kwa Marekani peke yake, na hasara ya dola trilioni moja kwa uchumi wa eneo zima.

Tusizichukue namba hizi kama aya za msahafu. Mizinga mingi ya Kaskazini ilikuwa ya masafa mafupi, ya kupambana na askari walio mpakani, na haifiki Seoul. Inayofika ni ile mikubwa ya milimita 170 na mitambo ya roketi za milimita 240, iliyochimbiwa mapango milimani; hutolewa, hufyatua, hurudishwa ndani. Wapo wachambuzi waliosema baadaye kwamba vifo vilitiwa chumvi. Inawezekana. Ila namba ya jenerali haipimwi kwa ukweli wake tu. Hupimwa pia kwa nani ameisikia. Rais akishaambiwa 52,000 na watu wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa tarehe, hawezi tena kusema hakujua. Kuanzia Mei 19, kila uamuzi wa Clinton ulikuwa na karatasi ile pembeni yake.

Kivuli cha Mogadishu

Na ni karatasi iliyoletwa kwa mtu aliyekuwa ameungua tayari. Perry alikuwa kwenye kiti kile kwa sababu ya Mogadishu. Oktoba 3, 1993 helikopta mbili za Marekani ziliangushwa katikati ya mji, na kufikia asubuhi wanajeshi 18 walikuwa wameuawa au wako mahututi, pamoja na Wasomali kwa mamia ambao hawakuhesabiwa kwa makini na mtu yeyote. Mwili wa askari ukaburuzwa barabarani mbele ya kamera. Waziri wa wakati huo, Les Aspin, alikuwa amekataa mwezi uliotangulia kuwapelekea askari wale magari ya deraya. Kufikia Desemba alikuwa ametangaza kuachia ngazi. Perry akaapishwa Februari.

Sisi wa upande huu tunaikumbuka Mogadishu kwa mambo mengine, lakini kule Washington ilibaki kuwa kipimo: 18 walitosha kuiondoa Marekani Somalia na kumwondoa waziri. Sasa weka 18 upande mmoja wa mizani na 52,000 upande wa pili. Hata bunge halikuhitaji kupiga kura. Kipimo hichohicho ndicho kilichotumika kwa Rwanda majira yaleyale. Aprili Baraza la Usalama lilipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kule Kigali hadi watu 270, Marekani ikiunga mkono, huku watu wakichinjwa. Nikitazama kalenda ya Aprili hadi Juni 1994 naona serikali moja, yenye hofu moja, ikitoa majibu mawili: Kigali ilikuwa haina mzinga wa kumtisha mtu, ikaachwa, Pyongyang ilikuwa nayo, ikapewa muda wa rais na majenerali wake wote.

Si kwamba Wamarekani wote waliogopa. Seneta John McCain alikuwa akisema wazi kwamba nguvu itumike. Juni 15 Brent Scowcroft, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Rais Bush mkubwa, na Arnold Kanter, ofisa wa zamani wa serikali hiyohiyo ya Bush, waliandika kwenye gazeti la Washington Post kwamba kama Kaskazini haitawaruhusu wakaguzi wafanye kazi bila kukatizwa, jengo la kuyeyushia fimbo lipigwe. Makala ile ilimtia Perry wasiwasi kuliko ilivyomsaidia. Pyongyang haina desturi ya magazeti huru. Pale, mstaafu mkubwa akiandika, huhesabiwa ametumwa. Kelele za siasa za ndani zikivuka bahari hugeuka kuwa tamko la serikali, na hakuna wa kuzitolea ufafanuzi.

Wenye nyumba

Kuna jambo ambalo husahaulika mezani Washington: nyumba ambayo ingeungua haikuwa yao. Korea Kusini ilikuwa imempata Rais Kim Young-sam mwaka 1993, raia wa kwanza kuishika Ikulu ya Seoul baada ya miongo mitatu ya watu wa jeshi. Alikuwa mkali kwa Kaskazini. Alilalamika mara kwa mara kwamba Marekani inabembeleza. Lakini mfumo wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mwaka ule, hata wakati wa amani, amri ya juu juu ya majeshi yake ya mstari wa mbele ilikuwa kwa jenerali wa Marekani. Amri ya wakati wa amani ilirudishwa kwa Wakorea Desemba 1, 1994, na ya wakati wa vita ikabaki palepale. Maana yake ni kwamba nchi yake ingeingia vitani kwa uamuzi wa mji ulio ng'ambo ya bahari ya Pasifiki, na askari wake zaidi ya laki sita wakapokea amri kwa tafsiri.

Ukali wake ukalainika alipogundua kwamba balozi wa Marekani, James Laney, anajiandaa kuwaondoa raia wa Marekani. Kim Young-sam alisimulia baadaye kwamba alimwita Laney, akampigia simu Clinton, akamwambia hatamtoa hata askari mmoja kwa vita ya namna ile. Anajipa sifa nyingi kwenye simulizi hiyo, na maofisa wa Marekani hawakuikumbuka kama alivyoikumbuka yeye. Lakini msingi wa hofu yake hauna ubishi. Ubalozi ukianza kupakia watu kwenye ndege, Seoul nzima itajua ndani ya saa moja. Pyongyang pia.

Wananchi walikuwa wameshaanza kuhesabu. Machi 19, kwenye kikao cha Panmunjom, kijiji cha mpakani, mjumbe wa Kaskazini alimwambia mwenzake wa Kusini kwamba Seoul haiko mbali na hapa, na vita ikizuka itageuka bahari ya moto. Serikali ya Kusini ikaupeleka mkanda wa video wa kikao hicho televisheni. Watu wakauona ukali huo usoni mwa msemaji. Juni, mgogoro ulipofika kooni, maduka ya Seoul yalijaa watu wakinunua mchele, tambi kavu na mishumaa. Tambi kavu na mishumaa: ununuzi wa mtu asiyetarajia umeme wala soko kwa muda mrefu.

Japani nayo ilikuwa na yake. Ndege za Marekani zingetegemea vituo vyake, na Washington ilitaka pia msaada wa kufagia mabomu ya baharini, mafuta, bandari, hospitali. Tokyo haikuwa na sheria ya kuiruhusu kutoa hivyo kwa vita isiyo yake. Katiba ya 1947 imeikana vita. Wala haikuwa na serikali ya kuitunga sheria hiyo. Waziri Mkuu Tsutomu Hata aliingia Aprili, wasoshalisti wakamkimbia mara moja, akabaki na serikali ya wabunge wachache iliyokufa kabla Juni haijaisha. Aliyemfuata, Tomiichi Murayama, alikuwa msoshalisti mwenyewe. Hata jambo dogo kama kuzuia fedha walizokuwa wakituma Pyongyang Wakorea waishio Japani lilikuwa kaa la moto. Meli ya Mangyongbong-92 iliendelea kufanya safari zake kati ya Niigata na Wonsan, na mizigo yake ya ndugu kwa ndugu.

Mtego wa nyongeza

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa.

Watu huizungumzia nguvu ya kijeshi kana kwamba ni bunduki iliyotundikwa ukutani: unaishusha ukitaka. Kwa Korea ya 1994 haikuwa hivyo. Kupiga bwawa kulihitaji siku moja. Kuwa tayari kwa jibu la Kaskazini kulihitaji wiki na miezi: vikosi vya nyongeza kutoka Marekani, manowari, ndege za ziada, raia kuondolewa. Na kila kipande cha maandalizi hayo kilikuwa, machoni pa Pyongyang, ni vita ilishaanza.

Makamanda wa Kaskazini walikuwa wameitazama Ghuba. Mwaka 1990 Marekani ilichukua karibu nusu mwaka kushusha zaidi ya watu nusu milioni jangwani Saudia, Saddam akiangalia tu mikono kifuani; ilipomaliza kushusha, ikampiga. Somo walilolipata Wakorea halihitaji chuo cha kijeshi: usimwache Mmarekani ajipange. Walilisema hilo kwa maofisa wa Marekani waliokutana nao mpakani, bila kuficha. Na Juni 13 Kaskazini ilitangaza kujitoa katika Shirika la Nguvu za Atomiki, ikaongeza kwamba hata vikwazo vya Umoja wa Mataifa itavihesabu kuwa tangazo la vita.

Kwa hiyo ukipiga bila kuongeza askari, unawaacha watu wako 37,000 na mji wa watu milioni 10 wazi. Ukiongeza askari kwanza, unaweza kushambuliwa ukiwa katikati ya kuwaongeza. Ukiwaondoa raia, umepiga king'ora. Usipowaondoa, umewaacha mateka wa uamuzi wako. Luck na Laney walikutana Seoul Juni 16 wakaafikiana kwamba hawawezi tena kungoja Washington juu ya raia. Laney alikuwa na wageni nyumbani kwake, binti yake na wajukuu. Aliwaambia waondoke ndani ya siku tatu. Sina kielelezo kingine kinachonionyesha ukubwa wa jambo hili kama hicho: balozi, mchungaji wa kanisa na msomi wa muda mrefu, akimwambia mwanawe akunje nguo za watoto.

Na hata kama yote yangekwenda vizuri, bado kulikuwa na plutoni ya 1989. Shirika la ujasusi la Marekani lilikadiria kwamba ilitosha bomu moja, pengine mawili. Iko wapi? Hakuna aliyejua. Kilo chache za plutoni hukaa kwenye kisanduku, na kisanduku hukaa popote penye mlima, na Korea Kaskazini karibu yote ni milima. Ungelibomoa bwawa lote, ungeleta vita, na adui angeingia vitani akiwa pengine na kile hasa ulichokusudia kumnyima. Iraq ilishatoa onyo: wakaguzi walioingia baada ya vita ya 1991 walikuta mitambo ya nyuklia ambayo marubani hawakuwa na habari nayo, kwa siku zote zile za mabomu.

Simu ya kutoka Pyongyang

Asubuhi ya Juni 16 kwa saa za Washington, Clinton na watu wake walikuwa kwenye chumba cha baraza la mawaziri. Perry alileta mapendekezo matatu ya nyongeza: la kwanza askari 2,000 hivi wa kuandaa mapokezi, la pili zaidi ya 10,000 pamoja na ndege na manowari, la tatu 50,000 na zaidi. Kupiga Yongbyon hakukuwa kwenye orodha ya siku ile. Ajenda ilikuwa nyongeza, kwa kuwa vikwazo vilikuwa njiani na walitaka kuwa tayari vikijibiwa kwa risasi. Watu husimulia kwamba ndege zilikuwa zimewashwa injini, hazikuwa. Ila mle chumbani walijua kwamba kuchagua lolote kati ya yale matatu ni kukanyaga ngazi ambayo hawana uhakika kama ina mkono wa kushikilia.

Kikao kikiwa katikati, simu ikalia kutoka Pyongyang. Alikuwa Jimmy Carter, rais mstaafu, aliyevuka mpaka siku moja kabla kwa miguu yake kama mgeni wa Kim Il-sung, kiongozi wa Korea Kaskazini. Ofisa aliyeshughulikia mazungumzo ya nyuklia, Robert Gallucci, akatoka kuipokea. Carter akasema mzee amekubali kusimamisha kazi na kuwaacha wakaguzi wawili waliobaki Yongbyon waendelee kukaa. Akaongeza kwamba anakwenda kulisema hilo kwenye CNN, sasa hivi. Gallucci aliporudi ndani, waliomuuliza kama alimkataza Carter walipata jibu ambalo hawakulipenda. Basi serikali yenye nguvu kuliko zote duniani ikaketi kutazama televisheni ili ijue sera yake mpya ni ipi.

Walikasirika, na hasira yao ina haki. Lakini baada ya kukasirika walifanya jambo la maana: waliyakaza masharti. Kusimamisha kazi kumaanishe kinu kisitiwe fueli mpya na fimbo zisiyeyushwe. Kim akakubali. Kwamba alikubali kwa kuogopa nyongeza, au kwa sababu Carter alimpa mlango wa kutokea bila kuvunjiwa heshima, hilo watu wataendelea kulumbana. Mimi naona alihitaji vyote viwili, na Perry angesema hivyohivyo.

Siku iliyofuata, Juni 17, Marekani ilifungua Kombe la Dunia. Jioni ile kule Dallas Korea Kusini ilikuwa nyuma mabao mawili kwa Hispania, ikasawazisha dakika za mwisho kabisa. Seoul ilikuwa asubuhi ya Juni 18, na mji uliokuwa unanunua mishumaa ukapiga kelele za furaha. Wamarekani wenyewe hawakutazama mpira. Walikuwa wamekodolea macho gari jeupe la O. J. Simpson likifukuzwa na polisi kwenye barabara kuu za Los Angeles. Naitaja kwa sababu wanasiasa husema taifa litaunga mkono hiki au halitaunga mkono kile. Wiki ambayo vita ya pili ya Korea ilikuwa karibu kuliko wakati wowote tangu 1953, taifa lilikuwa linatazama kitu kingine. Hakuna aliyekuwa amemwandaa mwananchi wa Ohio kwa majeneza 52,000 wala kwa sehemu yake ndogo.

Washington iliyokataa vita ilikataa na bili ya amani

Kim Il-sung alifariki Julai 8. Mazungumzo yakaendelea na watu wa mwanawe, na Oktoba 21 makubaliano yakasainiwa Geneva. Kaskazini itafunga kila kitu Yongbyon na fimbo 8,000 zitiwe kwenye makopo ya chuma chini ya ulinzi wa wakaguzi. Marekani itapanga ijengewe vinu viwili vya maji mepesi, aina ambayo ni vigumu zaidi kuitolea plutoni ya mabomu, jumla megawati 2,000, lengo likiwa 2003, na hadi hapo ipelekewe tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka.

Hati ile haikuitwa mkataba, kwa makusudi. Mkataba ungepelekwa Seneti kutafuta theluthi mbili, na theluthi mbili hazikuwapo. Ujanja huo ulidumu wiki tatu. Novemba Warepublican wakalichukua bunge zima, na tangu hapo kila meli ya mafuta ilikuwa ugomvi: wabunge waliokuwa wakisema Clinton ni mwoga kwa kutopiga ndio walewale waliobana fedha za mafuta. Vinu vyenyewe, ambavyo gharama yake kubwa waliibeba Korea Kusini na Japani, vilianza kuchimbiwa msingi 1997, na zege la kwanza likamwagwa Agosti 2002, mwaka mmoja kabla ya tarehe vilipotakiwa kuwa vimekwisha.

Sitaki kumfanya Pyongyang malaika. Upande wake wa pili, kwa siri, alikuwa anatafuta njia nyingine ya kupata bomu, ile ya urani, na Oktoba 2002 mjumbe James Kelly alimtolea shutuma hizo usoni. Mafuta yakakatwa Novemba. Wakaguzi wakafukuzwa Desemba. Januari 2003 Kaskazini ikajitoa kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Marekani ya wakati huo ilikuwa na rais asiyeogopa kutumia nguvu, na ilikuwa inapakia majeshi kwenda Baghdad. Yongbyon haikuipiga. Seoul ilikuwa bado iko kilomita zilezile 50.

Kwa hiyo miaka minane. Ndicho kilichonunuliwa Juni 1994: miaka minane fimbo zilikaa majini zikihesabika. Kwa wengine ni kidogo. Mimi nikikumbuka jedwali la Mei 19, nasita kuiita kidogo.

Januari 2004 Wakorea walimkaribisha Yongbyon Siegfried Hecker, mwanasayansi aliyewahi kuongoza Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani. Walimpeleka bwawani. Fimbo 8,000 hazikuwapo. Kisha wakamkalisha kwenye chumba cha mikutano, wakaleta kisanduku cha chuma. Ndani yake kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kutelezesha, na ndani ya kisanduku cha mbao chupa mbili za kioo. Moja ilikuwa na unga. Ya pili ilikuwa na kipande cha metali, gramu 200 hivi. Hecker aliomba glavu, akaishika chupa ile mkononi. Ilikuwa nzito kwa udogo wake, na ina joto kidogo.